Mlango wa Kizimba cha Mbishi

Jumatatu, 2 Machi

Daftari hili ni la roboti. Mjukuu wangu amelileta jipya, na juu ameandika kwa mwandiko wake mzuri: Majaribio ya Mbishi. Mbishi ndiyo roboti yenyewe, ya kupigana. Chuo chao cha ufundi kimewapa watoto wa mwaka wa mwisho mtihani wa kuunda dude la chuma linaloongozwa kwa rimoti, likapigane na madude ya wenzao mpaka moja lishindwe kusogea. Ndio mtihani huo. Sisi tulipewa imla.

Sheria ya chuo inasema kila jaribio lisimamiwe na mtu mzima asiye wa timu, aandike kilichotokea kama kilivyotokea, na atie sahihi. Mkaguzi wa chuo atakuja kulisoma. Mjukuu anasema, "Bibi, anatakiwa mtu asiye na haraka na asiyeogopa mtu." Nikamwambia hapo umefika.

Nimesoma mpaka darasa la nne, lakini la nne la zamani. Nimefanya kazi kiwanda cha mbao miaka thelathini na mmoja, nikilisha msumeno wa mashine, na kalamu hii inashikwa na mkono wenye vidole vyake vyote. Anayetaka kuhesabu aje.

Jumatano, 4 Machi

Nimeonyeshwa Mbishi. Bapa kama sinia, magurudumu mawili, uzito wa mtoto wa miaka miwili aliyeshiba. Mbele ana chuma kirefu wanachokiita upanga, chenye meno mawili yaliyokazwa kwa skrubu, na upanga huo huzunguka. Nikauliza unazunguka mara ngapi. Mjukuu akataja idadi nikadhani anahesabu watu wa mji mzima.

"Kwa siku?"

"Kwa dakika, bibi."

"Na mnaujaribia wapi?"

Wakatazamana, yeye na mwenzake. Wakanionyesha uani kwangu, mstari wa chaki. Eti watasimama nyuma ya mstari. Nikawauliza: jino likiruka, linajua kusoma chaki?

Huyo mwenzake ni kijana mrefu, miguu imeanza kiunoni na haijui pa kuishia. Nimemwita Ngongoti. Anaongea kama aliyeazima maneno ya watu na anatakiwa ayarudishe yote. Mjukuu anasema ana akili sana. Mimi sijaziona, labda ziko juu huko.

Jumatatu, 9 Machi

Nimewaambia hakuna upanga utakaozunguka kwangu bila kizimba. Wameleta plastiki ngumu inayoonyesha ndani, nene kama kidole, chuo kimewapa. Fremu itakuwa ya mbao, na mbao nimekwenda kuchagua mwenyewe. Nimegonga, nimenusa, nimepima uzito kwa mkono. Kijana muuzaji akasema, "Mama, hizi bado zina maji kidogo, subiri mzigo wa wiki ijayo."

Nikamwambia, "Mimi nalisha msumeno wewe bado unalishwa uji. Pakia."

Ngongoti alikuwa nyuma yangu. Akasema kwa sauti ya kuku mgonjwa, "Bibi, tungeweza kusubiri." Nikamtazama. Akaenda kupakia.

Jumamosi, 14 Machi

Kizimba kimesimama stoo. Kimekazwa kwa bolti, si misumari. Mlango mmoja, wa fremu ya mbao, una komeo la chuma. Umeingia kwenye fremu yake kama mguu kwenye soksi. Jirani yangu fundi cherehani kaja kuchungulia, kasema, "Loo, unafuga simba?" Nikamwambia simba ana huruma.

Utaratibu ni huu, na nimeuandika pia kwa chaki ukutani. Mbishi anaingia akiwa na kipini kwenye upanga, usizunguke. Miwani machoni kwa kila mtu, na mimi. Ngongoti anachomoa kipini, anatoa mkono, anafunga mlango, anasukuma komeo. Mjukuu anawasha rimoti. Mimi ndiye ninayesema "haya". Wakimaliza rimoti inazimwa, tunahesabu mpaka sitini, upanga umekwisha kusimama, na wa kwanza kufungua na kutia mkono ni mimi, narudisha kipini. Mikono yangu imekwisha kutumika, yao bado mipya.

Betri inachajiwa nje ya stoo, ndani ya ndoo ya mchanga. Kazi hiyo ni ya Ngongoti, na hatoki hapo mpaka imejaa.

Jaribio la 1: rimoti ikizimwa ghafla, Mbishi naye azime. Amezima. Sahihi yangu hiyo hapo.

Jumanne, 17 Machi

Jaribio la 2 na la 3. Upanga umezunguka kwa nguvu kidogo. Stoo nzima imelia kama nyuki waliotukanwa. Sikuogopa. Nilikaa tu kwa sababu kiti kilikuwa karibu.

Alhamisi, 19 Machi

Mvua imeanza.

Ijumaa, 20 Machi

Mvua. Ngongoti hukagua skrubu mara tatu. Ananichosha. "Mara ya kwanza ulikuwa umelala?" Akajibu, "Hapana bibi, mara ya kwanza nilikuwa naamini."  Nimeandika tu nisije nikasahau.

Jumatano, 25 Machi

Mvua siku ya saba. Paa la stoo linavuja upande wa kizimba, nimeweka beseni. Jaribio la 8: upanga umekata kopo la chuma kama mkate. Mlango umeanza kubana, kuufunga ni lazima uusukume kwa bega.

Jumamosi, 28 Machi

Leo mlango umegoma kabisa. Ngongoti alisukuma, mjukuu akasukuma, ukabaki nje ya fremu, komeo halifiki. Nikakataa jaribio. Na nani alikuwa dirishani? Fundi cherehani.

"Jirani, mjuzi wa mbao! Mlango wako umevimba kama mgonjwa wa jino!"

"Kashone huko."

"Mimi nikishona gauni halinenepi mvua ikinyesha!"

Wakacheka wote, hata Ngongoti alificha mdomo. Nikachukua randa nikauranda mlango palepale, upande wa komeo, mpaka ukaingia. Ngongoti akasema, "Bibi, labda tuuache ukauke kwanza." Nikasema mlango huu ni wangu.

Jumatatu, 30 Machi

Mvua. Mlango umebana tena. Nimeuranda tena.

Alhamisi, 2 Aprili

Nimeuranda kidogo. Jaribio la 12 na la 13 salama.

Jumapili, 5 Aprili

Leo hakuna jaribio. Nimemkuta Ngongoti stoo peke yake, anafagia vumbi la randa chini ya kizimba. Nikamwuliza mama yake anafanya kazi gani. Anafua nguo za watu. Yeye ndiye mtoto wa kwanza kufika chuo kwao. Akifaulu mtihani huu kuna karakana imekwisha kumwahidi kazi, asipofaulu anarudia mwaka, na mwaka wa kurudia hawana. Aliyasema haya yote bila kunitazama, anafagia. Anafagia vizuri, mpaka pembeni. Vijana wengi hufagia katikati.

Jumatano, 8 Aprili

Mvua imekatika. Jua kali la kulipiza.

Ijumaa, 10 Aprili

Jua. Majaribio ya 16 na 17. Mlango unafunga kwa kidole kimoja. Nimemwita fundi cherehani aje aone. Amesema, "Haya, umeshinda." Nimelala vizuri.

Jumatatu, 13 Aprili

Jua. Jaribio la 18. Salama.

Jumanne, 14 Aprili

Jaribio la 19. Jino moja la upanga limekatika likaruka nje ya kizimba. Ngongoti ameumia mkono wa kushoto juu ya kiwiko. Zahanati, nyuzi saba. Mlango ulikutwa komeo liko wazi.

Sahihi.

Alhamisi, 16 Aprili

Mkaguzi amekuja. Mtu mwembamba, anatembea kama anapima ardhi. Amesoma daftari akiwa amesimama, na hajacheka hata pale nilipotaka acheke. Akauliza: kazi ya komeo ni ya nani? Ya Ngongoti. Sheria yao ni moja tu kwa hilo: anayeacha kizimba wazi haingii ukumbi wa mashindano. Mjukuu ataendelea peke yake. Ngongoti amefutwa.

Ngongoti hakubisha. Alisema, "Sawa, mwalimu."

Ijumaa, 17 Aprili

Jua.

Jumamosi, 18 Aprili

Mjukuu hasemi na mtu. Anafanya kazi ya watu wawili na anaangusha vitu. "Nilimwamini," anasema. Anasema na skrubu.

Jumapili, 19 Aprili

Sina la kuandika.

Jumatatu, 20 Aprili

Ninalo.

Naandika upya siku ya Jumanne tarehe 14. Atakayesoma aupigie mstari ule uongo wa mwanzo, nami nimeupigia, lakini mwembamba, ili usomeke.

Ilikuwa saa sita mchana, jua kichwani, bati la stoo linapiga kelele kwa joto. Ngongoti alichomoa kipini, akatoa mkono, akafunga mlango, akasukuma komeo. Nilimwona. Nilisikia chuma kikigonga chuma. Halafu, kama kawaida yake, akalivuta kuhakikisha, mara tatu. Akarudi kusimama pale ninapomweka siku zote, upande wa mlango, nyuma ya fremu. Mimi nikasema haya.

Mbishi akaliendea pande la chuma tulilomwekea. Mgongano mmoja, sauti kama sufuria imeangushwa kutoka mbinguni. Nikamwona Ngongoti anautazama mkono wake kama wa mtu mwingine. Hakupiga kelele. Mjukuu akazima rimoti, akamkimbilia, akamtoa nje kwenye bomba.

Nikabaki. Nikahesabu mpaka sitini, sauti yangu mwenyewe siijui. Nikavuta komeo. Lilikuwa limefungwa. Lilikuwa limefungwa kabisa, nikalivuta mimi kwa mkono wangu huu, nikatia kipini.

Mjukuu akarudi na damu kwenye gauni. Akaona mlango wa kizimba uko wazi. Akamwita Ngongoti kwenye mlango wa stoo: "Ulisukuma komeo?"

"Nilisukuma." Akafikiri, kwa sababu yeye ni mtu wa kufikiri. "Nadhani nilisukuma."

"Unadhani?"

Akanigeukia mimi. "Bibi, wewe ndiye uliyefungua. Ulilikutaje?"

Nikasema, "Nimelikuta wazi."

Neno lilitoka kabla sijalitazama usoni. Nilikuwa nimekwisha kujua, au nimeanza kujua. Jino limepita wapi kama plastiki ni nzima na mlango umefungwa? Nilijua pa kutazama, na sikutaka patazamwe.

Walipokwenda zahanati nikafunga mlango tena, nikasukuma komeo, nikainama. Kati ya mlango na fremu, upande nilioupiga randa, kidole changu kidogo kinapita chote, mpaka fundo la mwisho. Komeo ni refu, linafika na kushika hata pakiwa na nafasi, kwa hiyo huwezi kujua kwa kushika. Ndani ya ubao kuna mkwaruzo mpya, mweupe, wa chuma kilichopita.

Mlango uliovimba haurandwi. Hilo hujifunza mtu wiki ya kwanza kiwandani. Unausubiri ukauke, kwa sababu kile unachokitoa ukiwa umelewa maji utakihitaji ukiwa na kiu. Nimewafokea watu wazima kwa kosa hilo. Mbao zilikuwa mbichi, nikaambiwa ni mbichi, nikamtukana aliyeniambia. Mlango ukavimba, nikachekwa dirishani, nikashika randa. Mara tatu. Halafu jua likatoka na mimi nikamwita jirani aje kusifu nafasi ya kidole.

Watu wananijua kwa vidole kumi. Nilifikiri, nikikubali hili, hesabu yote ya miaka thelathini na mmoja inafutika. Basi nikamtoa kafara mtoto wa watu niibakize.

Leo nimemwita mjukuu stoo mchana, jua likiwa kali. Nikafunga mlango, nikasukuma komeo, nikamwambia, "Tia kidole hapo." Akatia. Kikapita. Akakiacha kidole kimo ndani.

"Kumbe lilikuwa limefungwa," akasema.

"Lilikuwa limefungwa."

"Na wewe ulijua."

"Nilijua."

"Bibi, mlango ningekusamehe siku ileile. Siku sita, je? Nimemwita mzembe mbele ya darasa zima. Nimemtumia ujumbe nisingeutuma hata kwa mwizi."

Nikaufungua mlango wa kizimba, akatoa kidole.  

"Usinisindikize," nikamwambia. "Nionyeshe tu njia ya kwao Ngongoti."

Jumanne, 21 Aprili

Kwanza chuoni. Mkaguzi nimemkuta anakula yai la kuchemsha, nikamwekea daftari mbele ya yai. Akasoma jana yote. Akasoma mara mbili. Akaja nami mpaka stoo, akatia kidole chake, na chake ni chembamba kuliko changu, kikapita mpaka kiganja.

Akasema, "Mama, kizimba hiki kimefungiwa. Timu itamalizia majaribio yake kwenye kizimba cha chuo. Kijana anarudi leo hii. Na wewe, nasikitika, huwezi kuendelea kuwa msimamizi."

"Ungeniacha niendelee ningekudharau," nikamwambia.

Kwa mara ya kwanza akacheka, kidogo, akafuta kwa daftari jasho la uso. Daftari langu.

Halafu kwao Ngongoti. Vyumba viwili, kamba za nguo za watu kutoka ukuta hadi ukuta, unapita umeinama. Mama yake mfupi, sijui urefu ule alimtolea wapi. Alikuwa anakamua shuka. Nikamweleza nimesimama. Hakuniambia nikae, na sikutaka.

"Siku ngapi?" akauliza.

"Sita. Na ya leo saba."

"Mwanangu hajala chakula cha maana siku sita. Anakaa kitandani anafunga na kufungua mlango hewani, hivi, kwa mkono mmoja. Nikadhani kaingiliwa na kichaa. Anasema anakumbuka amefunga, halafu anasema hapana, mama, nimesahau tu." Akaikamua shuka kana kwamba ina shingo. "Wewe ni mtu mzima."

"Ni mtu mzima hovyo."

"Mimi sikusema."

"Nimekusaidia."

Akamwita. Ngongoti akatokea kati ya mashuka, mkono umefungwa bendeji, akanisalimu kwa adabu kana kwamba nimemletea zawadi. Nikamwambia: lilikuwa limefungwa. Ulilifunga, nilikuona, nikasema uongo. Kosa ni la mlango wangu na randa yangu na mdomo wangu. Nisamehe.

Akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa. Akaikunjua mikono yake yote miwili akaitazama.

"Nilijua nimelifunga," akasema. "Nilikumbuka hata baridi ya chuma. Lakini nikaona umeandika. Nikasema basi, macho yangu ndiyo mabaya. Bibi haandiki uongo."

Nimetukanwa mengi maishani mwangu, na mengi nilistahili. Hakuna lililoniingia kama hilo, na hakuwa ananitukana.

Mama yake akavuta kiti. "Sasa kaa," akasema. "Chai ipo."

Jumamosi, 25 Aprili

Majaribio yanaendelea chuoni. Siyaandiki mimi. Mjukuu anakula mezani na mimi lakini bado anaongea nami kama na mpangaji. Ngongoti amerudi. Kila mmoja amemwomba mwenzake msamaha mara nyingi mpaka nimewaambia imetosha, mnatuchosha.

Fundi cherehani nimemwambia yote, kabla hajayasikia kwingine.  Akasema, "Na mimi nilicheka sana siku ile." Nikamwambia cheko lako halina meno, randa ndiyo ina meno.

Jumamosi, 2 Mei

Mashindano. Nimekaa jukwaani na watu wengine, sina kazi. Mbishi ameshinda pambano la kwanza, mwenzake amepinduliwa miguu juu kama kobe. La pili ameshindwa, mota imeungua, moshi mwingi, hakuna aliyeumia. Wamefaulu wote wawili. Mama yake Ngongoti alipiga kigelegele kikamkatisha msemaji. Mjukuu akanitafuta kwa macho kule juu, akanipungia mkono. Mara moja tu. Nimeuchukua.

Jumatano, 6 Mei

Ngongoti kaja kukivunja kizimba. Plastiki bado nzima, chuo kimempa yeye na mjukuu kazi ya kukiunda upya kwa fremu ya chuma, kitumiwe na darasa lijalo. Mbao nimempa mama yake, awashie moto wa maji ya kufulia. Kwa kazi hiyo zimekauka vya kutosha.

Kijana alikuwa na vipande vya chuma chini, anapima mahali pa mlango. Nikasimama pale muda. Akapima mara ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Nafasi hiyo umeiacha ya nini?" nikamwuliza. "Mlango si ubane?"

"Ni ya joto, bibi. Nyuma yake litakuja bamba la kuiziba, jino lisipite."

"Joto linafanyaje? Chuma nacho husinyaa jua likiwaka?"

Akainua uso kuona kama ninamtega. Sikuwa ninamtega. Chuma sikijui.

"Hapana, bibi. Chuma jua likiwaka hutanuka. Kinyume cha ubao wako."

"Sema polepole," nikamwambia, nikafungua daftari.

Chuma jua likiwaka hutanuka. Nimeandika kama alivyosema.